Vipimo vya Namba Nne

Hakuna mtoto anayezaliwa akaitwa Mama Pindo. Jina hilo alipewa na wateja, na sababu yake ni moja tu: ukimpelekea nguo iliyoshonwa na fundi mwingine, kabla hata hajaitikia salamu yako, ataigeuza, atalitazama pindo kwa ndani, kisha ataguna. Mguno huo umewaharibia siku mafundi wengi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja uliotazama barabara na mwingine uliotazama nyumbani kwake, kwa hiyo alikuwa akienda kazini kwa hatua sita. Kulikuwa na cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme. Ya umeme aliiita Mvivu, kwa sababu umeme ukikatika ndiyo ya kwanza kulala. Katikati palikuwa na meza ya kukatia, ndefu kama kitanda cha jitu. Ukutani zilining'inia karatasi za mitindo, moja juu ya nyingine, miaka thelathini ya migongo na mabega ya watu.

Kilichomtofautisha na wenzake ni upimaji. Mafundi wengine hupima mkono mmoja, wakaandika, wakaenda zao. Mama Pindo hupima yote miwili.

"Mungu hakuumba mkono mmoja halafu akaunakili," huwaambia wateja wanaolalamika kuchelewa. "Simama wima. Usinyonye tumbo, hatupigi picha."

Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, walibaki yeye na binti mmoja, na binti huyo alikuwa na kichwa chepesi hata majirani wakamwita Profesa tangu darasa la tatu. Profesa sasa alikuwa chuo kikuu, mwaka wa pili kwenda wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Ada hakulipa Mama Pindo. Mapindo hayalipi chuo kikuu. Ililipwa na kaka mkubwa wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na maneno machache. Siku ya tatu ya msiba alisimama mbele ya ukoo wote akasema, "Nitamsomesha kama wa kuzaa mwenyewe. Ninachoomba ni kimoja. Asinitie aibu." Kila mtu akaitikia amina, Mama Pindo kwa sauti kubwa kuliko wote.

Basi, Jumanne moja saa tano asubuhi, aliingia dukani mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni.

"Hodi hapa. Wewe ndiye Mama Pindo?"

"Ndivyo wanavyosema. Karibu, kaa. Hicho kiti kina mguu mbovu, kaa kwa adabu."

Mgeni akacheka, akakaa kwa adabu. Akajieleza kwamba yeye ni mwalimu wa michezo pale chuoni, anafundisha timu ya wasichana ya mpira wa wavu. Mwaka uliopita wasichana watano wazuri sana walikuwa wameacha kucheza. Hawakuumia wala hawakufeli. Waliacha kwa ajili ya nguo.

"Jezi za chuo ni kaptula na fulana ya mikono mifupi," akasema. "Hawa watano ni Waislamu. Wakaniambia, Mwalimu, mpira tunaupenda, lakini hatutoki nje hivyo. Nikawauliza, tukipata nguo ndefu? Wakarudi kesho yake wote, mbio! Tangu muhula uliopita wanafanya mazoezi na nguo zao ndefu za kawaida, zinawanasa miguu. Nimeuliza soko zima nani anajua kushona nguo ya stara inayokaa mahali pake, na wote wamenielekeza hapa. Nataka nguo ambayo msichana ataruka, atakimbia, atainama, na lisionekane lisilotakiwa kuonekana."

Mama Pindo alifurahi moyoni, ingawa uso wake haukusema. Akapokea karatasi ya vipimo. Ilikuwa imepigwa kwa kompyuta, haina majina, ina namba tu, moja hadi tano. Akavaa miwani.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni kwamba kila namba ilikuwa na mkono wa kulia na mkono wa kushoto.

"Nani kapima hawa?"

"Mmoja wao. Alikataa katakata nimwachie mtu mwingine. Alinichekesha, eti simama wima usinyonye tumbo!"

Kidole cha Mama Pindo kilikuwa kimefika namba nne. Bega, kumi na nne na nusu. Kiuno, ishirini na sita. Mkono wa kushoto, inchi ishirini na mbili. Mkono wa kulia, ishirini na moja na nusu.

Moyo ukamruka kama sindano iliyogonga kifungo.

Kuna mtu mmoja tu chini ya jua mwenye bega lile, kiuno kile, na mkono wa kulia uliopungua nusu inchi. Mkono huo ulivunjika akiwa na miaka tisa, alipojirusha kutoka kwenye meza hii hii ya kukatia kuona kama anaweza kugusa taa, ukaunga vibaya. Vipimo vile Mama Pindo alivishona kila mwaka wa shule. Angeweza kuvisoma gizani. Na mwenye vipimo hivyo, kila siku saa kumi alasiri, alikuwa maktaba. Maktaba! Mama Pindo alikuwa amewaambia wateja wote. Hata muuza maji alijua kwamba Profesa yuko maktaba.

"Huyu namba nne," akauliza, na sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi. "Naye anacheza?"

"Huyo?" Mwalimu akapiga paja. "Huyo ndiye roho ya timu, Mama. Anapiga kwa mkono wa kushoto. Akiruka, unasema huyu sasa hashuki. Ila ana mtihani, maskini. Inabidi aondoke mazoezini mapema kila siku. Mama yake hajiwezi."

"Hajiwezi?"

"Kiharusi. Upande mzima umekufa. Kalala tu, analishwa na binti."

Mama Pindo alikuwa na pini tatu mdomoni, kama ilivyo desturi ya mafundi. Ni rehema ya Mungu kwamba hakumeza hata moja. Alizitoa taratibu, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini, moja, mbili, tatu.

"Pole yake," akasema. "Mwambie namwombea mama yake."

"Nitamwambia, Mama. Una moyo mzuri sana."

Jioni hiyo, saa kumi na mbili kasorobo, Profesa aliingia nyumbani na begi mgongoni na uso wa mtu aliyechoshwa na vitabu.

"Shikamoo, Mama! Leo maktaba ilijaa, we acha tu..."

Hakumalizia. Mama yake alikuwa amelala chali kitandani, mdomo umepinda kuelekea sikio, mkono mmoja ukining'inia kama soksi kwenye kamba.

Begi likaanguka. "Mama! Mama, una nini? Yarabi, Mama!"

"Kiharushi," Mama Pindo akasema kwa upande mmoja wa mdomo.

"Tangu saa ngapi? Ngoja, ngoja nikaite watu..."

"Tangu muhula uliopita. Si umeshawaita watu wote ukawaambia?"

Profesa akaganda mlangoni. Mama Pindo akainuka, mdomo umenyooka, mikono yote miwili kiunoni, na mikono hiyo ilikuwa mizima kabisa.

"Keti."

Profesa akaketi sakafuni hapo hapo.

"Ilikuwa lazima niondoke mapema nikukute hujafunga kazi," akaanza, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu akaniuliza kwa nini. Nikasema mama anaumwa. Akaniuliza anaumwa nini. Mama, neno likaja lenyewe."

"Likaja kiharusi! Katika magonjwa yote aliyoumba Mola, hukuona hata mafua ya kunipa mama yako?"

Hapo, kwa bahati mbaya, Profesa akacheka. Alicheka huku analia, na Mama Pindo naye akauma mdomo asicheke, maana mzazi akishacheka kesi imekwisha, naye kesi alikuwa bado anaitaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ada analipa Baba Mkubwa. Ungejua, ungelazimika kumwambia, au ungelazimika kumficha. Nikaona afadhali dhambi ibaki kwangu peke yangu. Wewe usiwe na lolote la kujibu."

Mama Pindo hakutegemea hilo. Mchana kutwa alikuwa amejitayarisha kupambana na ukaidi, na sasa amepewa huruma. Kisha akauliza lililokuwa likimsumbua.

"Na wanaume wanawatazama?"

"Uwanja uko wazi, Mama. Kila mtu anapita. Ndiyo maana tuliacha. Ndiyo maana nguo." Akafuta pua. "Imamu wa msikiti wa chuo tulimuuliza. Alisema mwili ni amana, utunzeni, jistirini, swala isiwapite. Basi. Alasiri tunaswali pembeni ya uwanja kisha ndiyo tunaanza. Lakini Baba Mkubwa haulizi imamu. Anauliza watu watasema nini."

Mama Pindo alilala na jambo hilo siku mbili. Alikata vitambaa, akashona. Mkono hauna habari na mawazo ya mwenyewe. Alitia lastiki kifundoni ili suruali isipande, akashona kwapa mara mbili ili lisifumuke mkono ukinyanyuliwa, na hijabu akaitengeneza ya kuvalia kichwani kama soksi, haina pini, haina fundo. Alhamisi zilikuwa tayari, na zilimpendeza macho hasa. Siku hiyo ndiyo aliamua. Uwanja hauna paa, alijiambia. Habari ya uwanjani itafika dukani kwa shemeji kwa miguu yake yenyewe. Heri ifike kwa miguu yangu.

Akaikunja nguo ya namba nne, akaenda kwa shemeji yake.

Duka la vifaa vya ujenzi lilinuka rangi na chuma. Shemeji alikuwa nyuma ya meza, akipima misumari kwenye mizani. Mama Pindo akaitandaza nguo mbele yake.

"Shemeji, itazame hii. Ina kasoro?"

Akaigeuza. Akavuta mshono, akanyoosha mkono wa nguo. "Mashallah. Imesitiri. Ya mahujaji?"

"Ya mpira wa wavu. Ya mwanao, Profesa."

Msumari mmoja ukadondoka, ukaviringika mpaka ukutani. Alipopata sauti tena ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Anarukaruka hadharani? Kwa ada yangu?"

"Kwa miguu yake, Shemeji. Ada yako inalipa darasa, na darasani ni wa pili kutoka juu."

"Usinichezee maneno."

"Dini imemkataza?"

"Sikusema dini. Dini nitajibu kwa Mola, na Mola anajua nia. Watu ndio siwezi kuwajibu. Kesho mtu anakuja kununua bati, ananiambia nimemwona binti yako angani. Nitamjibu nini?"

Mama Pindo akainua macho atafute jibu, na macho yakagota ukutani. Pale juu, nyuma ya kioo, ilitundikwa jezi ya kandanda ya kijani yenye jina la duka na namba mgongoni. Timu ya vijana wa mtaa, wana wawili wa shemeji wakiwemo. Kila mwaka aliwanunulia jezi, mipira na viatu. Kaptula zao ziliishia katikati ya paja.

Kilichompiga Mama Pindo hakikuwa jezi. Ni kwamba namba ile mgongoni aliishona yeye mwenyewe. Miaka sita mfululizo alishona namba za timu ile, akakaa kwenye cherehani huku mwanawe akimpasia uzi, na hata siku moja halikumpitia kichwani kumuuliza binti yule: na wewe, je?

"Wale wanaokuja kununua bati," akasema polepole, "huwa wanakwambia wamewaona wanao?"

"Wale ni wavulana."

"Najua. Nawashonea."

Shemeji akazichana ndevu zake kwa vidole. Alikuwa mtu mgumu lakini si mtu dhalimu, na mtu wa namna hiyo ukimbana hujitafutia sheria ya kujificha nyuma yake.

"Vizuri. Mechi lini?"

"Jumamosi."

"Nitakuja. Nikiona, mimi au mwanamume yeyote aliyekaa karibu nami, unywele mmoja au mguu juu ya kifundo, basi tumemalizana. Ada ya mwaka wa tatu, siku ya mwisho kulipwa ni Jumatatu. Atalipiwa na huo mpira."

Mama Pindo alipomweleza binti yake, Profesa akapiga ukelele. "Mama, umeniuza!"

"Sijakuuza. Mwaka wako mzima sasa uko kwenye uzi wangu. Unaujua uzi wangu, au huujui?"

"Naujua."

"Basi ruka."

Jumamosi, shemeji alikaa mstari wa mbele kwenye benchi la ubao, kanzu imenyooka, wanaume wengine sita wakiwa kushoto kwake. Mama Pindo akakaa upande wa kulia. Upande wa pili wa uwanja palikuwa na ukuta wa bweni, na nyuma ya benchi palikuwa na ukuta wa bohari.

Filimbi ikalia, na mama wa watu akaona mwanawe akiruka kwa mara ya kwanza.

Hakuna aliyemwandaa kwa hilo. Alijua Profesa wa vitabu, Profesa wa kuosha vyombo kwa kinyongo. Huyu aliyechupa kutoka ardhini, mkono wa kushoto umevutwa nyuma kama upinde, akaning'inia hewani kitambo cha mtu kuvuta pumzi, kisha akaupiga mpira ukagonga chini kwa mlio wa kofi, huyu alikuwa nani? Watu wakapiga kelele. Mama Pindo alisahau kufumba mdomo.

Lakini fundi ni fundi. Baada ya hapo hakuutazama mpira tena, alitazama mishono. Kila Profesa aliponyanyua mkono, kwapa la nguo lilivutika na Mama Pindo akalisikia kwenye ngozi yake mwenyewe. Kwapa likashika. Lastiki kifundoni zikashika. Hijabu tano zilikaa vichwani kana kwamba zimeota pale. Seti ya kwanza walishinda, ya pili wakashindwa.

Seti ya tatu, mpira ulikuja chini, mbali. Profesa akajitupa mbele, akauinua kwa ngumi sentimita chache kutoka sakafuni, akateleza kwa magoti juu ya saruji. Kitambaa kikalia *paraaa*.

Mama Pindo aliusikia mlio ule kuliko kelele zote za uwanja. Na papo hapo akalijua kosa lake. Miaka thelathini alishona nguo za watu wanaosimama, wanaokaa, wanaosujudu polepole. Hata siku moja hakuwahi kushona nguo ya mtu anayeanguka kwa makusudi! Kwapa alilishona mara mbili, goti akaliacha na kitambaa kimoja, chembamba kama cha nguo ya Idi.

Profesa alibaki chini, mikono ameziba goti, macho ameyatoa kuelekea benchi.

Hapo likatokea ambalo halikupangwa na mtu. Wenzake wakaja mbio wakamzunguka, migongo nje: wenye hijabu na wenye kaptula. Kisha wasichana wa timu pinzani, ambao hata kumjua hawakumjua, wakapita chini ya wavu wakajaza mapengo. Mwamuzi akawa na filimbi mdomoni na hana pumzi ya kuipuliza. Mama Pindo aliwahi kufika kabla hajajua kwamba amekwisha simama. Sindano yenye uzi huwa haikosi kolani mwake. Akapenya kati ya wasichana, akapiga magoti.

"Mama, wameniona?"

"Tulia nishone."

"Baba Mkubwa ameona?"

"Nimesema tulia! Nikikuchoma utalia bure."

Alishona mishono mirefu mibaya ambayo angeikuta kwa fundi mwingine angeguna mpaka kesho. Akakata uzi kwa meno. Ukuta wa wasichana ukafunguka, filimbi ikalia, naye akageuka kulikabili benchi, roho iko mkononi.

Alichokiona hakukiamini. Shemeji alikuwa amekaa vile vile wima, kanzu imenyooka, lakini amegeukia upande wa nyuma wa benchi. Alitazama ukuta wa bohari. Na wanaume wale sita nao, wote saba, mgongo kwa uwanja, wanatazama ukuta mtupu kana kwamba kuna sinema.

"Huyu mzee katugeuza kwa nguvu," mmoja akanong'ona. "Shingo imeniuma."

"Tayari?" Shemeji akauliza, bila kugeuka.

"Tayari."

Akainuka, akakung'uta kanzu, akaondoka. Hakuaga.

Mechi walipoteza, seti tatu kwa moja. Profesa alirudi nyumbani ananuka vumbi na jasho, akakaa sakafuni, akasema, "Wametupiga," na hakuna kati yao aliyethubutu kutaja lile lingine. Jumapili Mama Pindo alishona pindo moja mara nne na kulifumua mara nne.

Jumatatu mchana hakuweza tena. Akafunga duka, akaenda kwenye vifaa vya ujenzi, akasimama mbele ya meza kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Shemeji, nimekuja kusikia."

"Kusikia nini? Nimelipa. Tangu asubuhi."

Mama Pindo akashika ukingo wa meza. "Umelipa? Lakini Jumamosi..."

"Jumamosi kuna nini?" Alikuwa anapima misumari, na hakuinua macho. "Nilisema nikiona. Mimi nilikuwa natazama ukuta."

"Na wale waliokaa karibu nawe?"

"Nao walitazama ukuta. Kawaulize, nawajua majina."

Alitaka kumshukuru, akataka kulia, akataka kumwambia yeye ni mtu wa ajabu kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika ukoo ule. Badala yake akaitikia kwa kichwa. Akageuka aende zake, mdomo wazi, na alikuwa tayari ameshika mlango sauti ilipomfuata.

"Shemeji."

"Abee."

"Magoti ya zile suruali," akasema, huku akiongeza msumari mmoja kwenye mizani. "Yatie kitambaa mara mbili."